Neno juu ya Watoto Waliokosa
(1 Wathesalonike 5:14)



Fungueni Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, mlango wa 5, mkausome mstari wa 14. Mstari huu ni mfupi, lakini una maagizo manne. Mtume awataka ndugu wawakanye wale waishio bila kufuata taratibu. Wawafariji waliovunjika moyo. Wawategemeze wasio na nguvu. Tena wawe na saburi kwa kila mtu. Angalieni jinsi alivyoyagawanya maneno yake. Angaliweza kuagiza neno moja tu, kwamba kila akosaye na akemewe, naye angalikuwa amemaliza kazi upesi. Lakini Paulo ni mchungaji. Ajua ya kuwa karipio limfaalo mkaidi laweza kumvunja mnyonge, na faraja imfaayo mnyonge humharibu mkaidi.

Sisi wa Dodoma twaweza kulifahamu jambo hili kwa kuitazama mizabibu yetu. Mkulima wa Hombolo au wa Mpunguzi aingiapo shambani na mkasi wake hapogoi kwa kufumba macho. Tawi moja hulikata, tawi jingine hulifunga kwenye waya lisilale chini, na mzabibu mwingine hauguswi na mkasi kabisa, maana haja yake ni maji tu. Akiyakata matawi yote kwa kipimo kimoja, hatavuna kitu.

Basi mwezi huu twataka kulitumia neno hili la Mtume kwa watu ambao hawatajwi mara nyingi mimbarani, yaani watoto na vijana walioshikwa kwa makosa. Je, haki iwatendeeje? Na Kanisa la Kristo lina sehemu gani katika kazi hiyo?

Jinsi jambo lilivyo kwetu

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma mwaka 2016, na mji wetu kufanywa jiji mwaka 2018, watu wameongezeka sana, na watoto wasio na mlezi wameongezeka pamoja nao. Wengine hutoka Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Nchi yetu ni ya mvua chache, na mwaka ambao mtama na uwele hukauka kabla ya kutoa masuke, njaa huingia katika kila tembe. Mtoto hupanda lori au basi, hufika stendi au sokoni, hubeba mizigo ya watu kwa ujira mdogo, na usiku hulala barazani pa duka la mtu. Siku moja mkono wake waenda kwenye kitu kisicho chake. Ndipo isikikapo sauti ile ya "Mwizi!", nasi sote twajua yafuatayo. Mwenye jiwe huja na jiwe, mwenye fimbo huja na fimbo, na mara nyingine huja mtu na tairi na kiberiti. Katika makelele yale hakuna aulizaye: Huyu ana miaka mingapi? Amechukua nini? Ni nani aliyemtuma? Baba yake yuko wapi? Umati hauna masikio. Ndugu, Mkristo akitupa jiwe katika mkutano wa namna ile, ameivunja Amri ya Tano, wala wingi wa waliotupa pamoja naye haumpunguzii hatia hata kidogo.

Watu hujitetea kwa methali, wakisema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki walio katika tenga neno hili ni kweli. Lakini mtoto si samaki, naye aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hatupwi kwa sababu ya harufu ya mwenzake. Hata hivyo tusiidharau methali ile, maana ina onyo kwa wakubwa: usimtie aliye mbichi katika tenga la waliooza.

Tuseme wavulana wawili wameiba simu siku moja katika soko la Majengo. Wa kwanza ana miaka 11, hakula tangu jana, naye amekamatwa akilia. Wa pili ana miaka 17, hii ni mara yake ya tatu, naye alikuwa na kisu mfukoni. Simu ni ya bei ileile. Atazamaye simu tu atasema kosa ni moja na adhabu iwe moja. Atazamaye wavulana ataona mambo mawili yasiyofanana kabisa. Huko ndiko kupambanua alikotuagiza Mtume.

Sheria ya nchi yasemaje

Twafundishwa katika Warumi 13 ya kwamba mamlaka imewekwa na Mungu kwa faida yetu. Kanisa halina upanga, wala mzee wa kanisa si hakimu. Lakini yatupasa kuijua sheria, ili tusiwe watu wa kunung'unika tu pasipo maarifa.

Kwa miaka mingi nchi yetu ilitumia sheria ya watoto na vijana iliyowekwa mwaka 1937, katika siku za utawala wa Waingereza. Sheria ile ilimhesabu mtoto kuwa ni mtu asiyetimiza miaka 12, na kijana kuwa ni mwenye miaka 12 ila hajafikia 16. Aliyetimiza 16 alihesabiwa kundi moja na watu wazima. Mwaka 2009 Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto, nayo ikaifuta ile ya kale. Sasa mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Ndugu zetu wa Zanzibar walitunga sheria yao mwaka 2011.

Tena kanuni ya adhabu yasema hivi: aliye chini ya miaka 10 hawezi kuhesabiwa hatia ya jinai kwa lolote alilotenda, na aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi hatia, isipokuwa imethibitishwa ya kuwa alikuwa na akili ya kujua kwamba hakupaswa kutenda neno lile. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2022, wameupandisha umri huo kutoka miaka 8 hadi 12.

Mtoto mwenye mashtaka hupelekwa katika Mahakama ya Watoto. Huko hakuna umati wa watazamaji. Shauri husikilizwa faraghani na kwa maneno mapole, Afisa Ustawi wa Jamii akiwapo, na mzazi au mlezi akiwapo. Kosa likithibitishwa, hakimu hakimbilii adhabu. Kwanza hutafuta habari za mwenendo wa mtoto, za nyumba aliyotoka, za shule yake na za afya yake. Mtoto hawekwi pamoja na watu wazima walioshtakiwa. Wala hahukumiwi kwenda gerezani. Sheria imekataza neno hilo waziwazi. Hakimu aweza kumwachilia, au kuamuru arudishwe kwao kwa gharama ya Serikali, au kumkabidhi kwa mtu afaaye aliye tayari kumtunza, au kumpeleka katika shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya.

Je, hamwoni ya kuwa sheria hii na Mtume Paulo wanakwenda njia moja? Yauliza kwanza: huyu ni nani? Ndipo yauliza: atendewe nini? Lakini sheria haina miguu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipovizuru vizuizi vya nchi, ikatoa taarifa mwaka 2011, ilikuta watoto wamewekwa pamoja na watu wazima. Nazo mahabusi za watoto hazimo katika kila mkoa. Zimejengwa katika miji michache kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Basi sheria iliyo njema yahitaji watu wa kuibeba, nasi tu miongoni mwa watu hao.

Kwanza: wasio na nguvu

Hawa Mtume asema wategemezwe. Kati yao tunawaweka wadogo wa umri, wenye njaa, na wagonjwa wa akili.

Mchungaji wa mbuzi mwenye miaka tisa akisinzia chini ya mbuyu, na mbuzi wakaingia katika mtama wa jirani, mzee yeyote wa Kigogo ajua la kufanya. Baba yake ataitwa, hasara itatazamwa, fidia italipwa, na mtoto atafundishwa asisinzie tena. Hakuna atakayemwita mhalifu. Hekima hii ya wazee wetu ni njema. Basi mbona tukifika mjini twaisahau, na mtoto wa umri uleule akivunja kioo cha gari twataka apelekwe polisi?

Kwa habari ya mwenye njaa, someni Mithali 6, mstari wa 30 na wa 31. Mwenye hekima asema watu hawamdharau aibaye ili ashibe. Hata hivyo akipatikana itampasa kulipa. Angalieni mizani yake. Hasemi kwamba njaa yahalalisha wizi, maana Amri ya Saba haina kiangazi wala masika. Lakini hasemi pia kwamba mwenye njaa ni sawa na mnyang'anyi. Rehema na malipo vyakaa pamoja katika mistari miwili. Na Sheria ya Mtoto nayo yamhesabu mtoto atangatangaye pasipo makao, au aombaye sadaka njiani, kuwa mtoto ahitajiye ulinzi na matunzo. Kulala barazani si jinai. Asiitwe mhalifu kwa sababu ya umaskini wake.

Basi huyu apewe nini? Apewe chakula, na makao, na shule. Kumrudisha kwao ni jambo jema, ila msifikiri kwamba nauli peke yake yatosha. Ikiwa ghala la mama yake lingali tupu, mtoto yule atarudi sokoni kwa lori lijalo. Hapo usharika wa kijiji wauonao moshi wa nyumba ile kila siku una kazi ambayo hakimu hawezi kuifanya.

Na kama mtoto ana ugonjwa wa akili, tusimpige wala tusimfunge kamba tukidhani ni ukaidi. Hospitali ya Mirembe iko papa hapa Dodoma. Na apelekwe kwa waganga wenye ujuzi.

Pili: waliovunjika moyo

Hawa Mtume asema wafarijiwe. Kati yao tunawaweka wale waliovutwa na wakubwa, na wale waliotenda ubaya siku moja nao sasa wanajichukia.

Mara nyingi nyuma ya mkono mdogo uko mkono mkubwa. Mtu mzima ajua ya kuwa mwili wa mtoto hupita dirishani, naye humpitisha. Ajua ya kuwa mfuko wa mtoto haupekuliwi sana, naye humtuma na bangi. Akikamatwa mtoto, yeye hukaa mbali akitazama. Bwana Yesu alimnenea mtu wa namna hii katika Mathayo 18, mstari wa 6, naye alitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Katika Injili yote ni vigumu kupata neno zito kupita hilo. Basi haki itakayomshika mtoto na kumwacha aliyemtuma imekata tawi na kuacha mzizi. Nanyi mkijua aliyemtuma mtoto, msimfiche kwa kuwa ni jamaa yenu, au kwa kuwa hutoa sadaka kubwa.

Sasa mfikirieni mtoto huyu akiwa amezuiliwa, akingoja siku ya shauri lake. Bado hajahukumiwa. Baba hajaja, kwa aibu. Mama hana nauli. Siku ya kwanza alia, siku ya pili anyamaza, siku ya tatu asikiliza yasemwayo na walio wakubwa kuliko yeye. Kama yumo katika tenga moja nao, atatoka humo akiwa na elimu ambayo hatukumfundisha. Kwa sababu hiyo twasema kwamba siku za kungoja ni siku za hatari kuliko nyingine zote. Sheria yaruhusu mtoto aachiliwe kwa dhamana ya mzazi, mlezi au jamaa, isipokuwa katika makosa mazito, au pale ambapo kuachiliwa kwake kutaharibu haki au kumrudisha kwa watu wabaya. Lakini dhamana yahitaji mtu wa kusimama. Mtoto wa mwenye mali hupata wa kusimama siku ileile, na mtoto wa maskini hukaa. Yakobo katika mlango wa 2 wa waraka wake amekataza upendeleo wa namna hiyo katika kusanyiko. Je, sisi tutaukubali nje ya kusanyiko?

Tena kumbukeni habari za Yuda katika Mathayo 27. Alipoona alilolitenda, alikwenda kwa makuhani, akakiri mbele yao kwamba ametenda dhambi. Nao walimjibu kwamba neno hilo ni lake mwenyewe, wao haliwahusu. Akatoka, akafa. Petro naye alikosa usiku uleule, akalia kwa uchungu. Lakini Bwana alimtafuta, akamwuliza mara tatu juu ya upendo, akampa kazi. Ndugu, mtoto aliyekosa ajapo kwetu na machozi yake, tusiwe kama makuhani wale.

Tatu: wasiofuata taratibu

Hawa Mtume asema wakanywe, na kukanya si kubembeleza. Hapa twapaswa kusema kweli, ili mtu asidhani kwamba tumeandika haya kwa ajili ya kulegeza mambo.

Wako vijana ambao mioyo yao imekuwa migumu. Huko Dar es Salaam, mwaka 2015 na tena mwaka 2022, makundi ya vijana waitwao Panya Road yaliwatia watu hofu kubwa, wakipora na kujeruhi kwa mapanga. Na hata vijijini kwetu yuko kijana amchomaye mwenzake kisu, yuko aliyemtenda jeuri binti wa jirani. Je, huyu naye aambiwe, "Nenda kwa amani"? Hasha. Eli kuhani alikuwa na wana waliotenda maovu mlangoni pa hema. Aliwasemesha kwa maneno, asiwazuie, na Bwana akaihukumu nyumba yake kwa sababu hiyo, kama tusomavyo katika 1 Samweli 2 na 3. Upole wa Eli haukuwa upendo. Uliwaharibu wanawe, uliwaumiza waliokuja kutoa sadaka, ukaliletea taifa zima msiba.

Kwa hiyo kijana aliyeumiza watu atengwe na wale awezao kuwaumiza tena, awekwe chini ya ulinzi, afundishwe kwa utaratibu, naye alione alilolitenda. Wala tusimsahau aliyeumizwa. Mara nyingi tukizungumza juu ya mtoto mkosaji, yule binti au yule mama aliyepoteza mali yake hubaki nyuma pasipo wa kumpa pole. Hapa twasema neno moja kwa wazee, nasi twaomba lisikilizwe. Kulipa mbuzi kwa mtama ulioliwa ni haki. Kulipa mbuzi au ng'ombe kwa binti aliyebakwa, kisha watu wakala na kunyamaza, si haki bali ni kuuza damu. Jambo kama hilo halimalizwi nyumbani. Na lipelekwe kwa wenye mamlaka, hata kama mkosaji ni mtoto wa mzee wa kanisa.

Hata hivyo mkaidi huyu naye hajatoka katika mkono wa Mungu. Kaini alimwua ndugu yake, na Bwana alimwadhibu, akamfukuza katika ardhi ile. Lakini papo hapo alimtia alama mtu asimwue (Mwanzo 4:15). Adhabu na ulinzi vilitoka kwa Bwana mmoja, kwa mtu mmoja, saa moja. Sheria yetu ina mfano wa jambo hilo: aliyeua akiwa chini ya miaka 18, shauri lake ni zito na huenda Mahakama Kuu, lakini hahukumiwi kufa. Na kumbukeni kijana mmoja aliyesimama mahali pa mauaji, ambaye wapiga mawe waliweka nguo zao miguuni pake, naye akikubali wanayotenda (Matendo 7:58 na 8:1). Kama angalimalizwa siku ile, ni nani angalituandikia mstari huu wa leo?

Nne: saburi kwa wote

Agizo la nne halina kundi lake. Ni la makundi yote matatu. Hatuagizwi kuwa na saburi kwa mnyonge tu, na hasira kwa mkaidi. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba njia za kuwatendea ni mbalimbali, lakini moyo wa kuwatendea ni mmoja. Anayekanya na akanye akitaka kumpata ndugu, asiwe mtu wa kujilipiza kisasi.

Lakini wako watakaotujibu kwa methali nyingine, kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Twakubali. Methali ile ilitungwa na wazazi, yaani watu walalao nyumba moja na mtoto, wajuao njaa yake na homa yake. Mzazi amrudiye mtoto asubuhi humpa chakula jioni. Aliyeitumia methali ile kumwadhibu mtoto ambaye hajui hata jina lake, ameazima kinywa cha mzazi pasipo kuuchukua mzigo wa mzazi.

Wako pia wanaouliza juu ya mama auzaye nyanya, ambaye mtaji wake wote umechukuliwa na kitoto. Swali hili ni la haki, wala tusilipite. Amri ya Saba yatufundisha tusiibe, na zaidi ya hayo tumsaidie jirani aitunze mali yake. Zakayo alipookolewa, aliahidi kurudisha. Basi mtoto arudishe, kwa kadiri ya nguvu zake, ikiwa ni kwa kumbebea mama yule maji na mizigo kwa siku kadhaa mbele ya mtu mzima wa kusimamia. Mama atapata kitu, na mtoto atamwona kwa macho mtu aliyemuumiza. Gereza halifundishi somo hilo.

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani kuwahimiza waanzishe shule. Aliwakumbusha kwamba mji hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja ili watu wakae salama. Basi na itumike fedha pia kwa ajili ya vijana maskini, maana mji hauna hazina kubwa kuliko watu waliolelewa vema. Hata leo neno hilo lingali na nguvu katika jiji letu lenye barabara mpya na majengo marefu.

Mambo yatupasayo kutenda

Basi, walimu na wazee, yashikeni haya matano.

Moja. Andikeni vitabu vya ubatizo kwa uangalifu, siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Watoto wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, na mahakama yapaswa kuuchunguza umri wa mtoto. Mvulana mrefu wa miaka 15 asiye na karatasi aweza kudhaniwa kuwa ni mtu mzima, akawekwa pamoja na watu wazima. Mstari mmoja katika kitabu chenu waweza kuwa ushahidi wa kumwokoa. Na kwa sababu hiyohiyo msimwandikie mtu umri wa uongo, hata akiwa mwana wenu.

Mbili. Mtoto wa usharika akikamatwa, mzee mmoja aende upesi pamoja na mzazi. Wazazi wengi huogopa mlango wa kituo. Aende kwa adabu, aulize mtoto yuko wapi, amejulishwa Afisa Ustawi wa Jamii au sivyo, na kama yuko jamaa afaaye kumdhamini.

Tatu. Sheria yamtaja mtu afaaye aliye tayari kumpokea mtoto. Je, katika sharika zetu hatuna hata nyumba mbili au tatu za watu wa namna hiyo? Wazee na wakae na kuzitafuta, tena wazichunguze sana, maana si kila apendaye kupokea mtoto anampenda mtoto. Kisha wampelekee Afisa majina yao.

Nne. Aliyepelekwa mbali, tusimpoteze. Toka Dodoma hadi Mbeya ni safari ndefu, na mama maskini hawezi kuifanya. Sharika zaweza kuchanga nauli yake, na kuandika barua. Bwana atatuuliza juu ya waliofungwa, kama alivyosema katika Mathayo 25.

Tano. Arudipo, mpokeeni. Msimnyime mafundisho ya Kipaimara kwa sababu ya habari zake. Msimwimbie jina la kosa lake njiani. Fundi seremala au fundi baiskeli aliye Mkristo na amkalishe karibu naye, amwekee kazi mkononi. Mtoto aliyeitwa mwizi na kijiji chote hana njia nyingine iliyobaki ila ile ya wezi.

Ndugu, twajua ya kuwa kazi hii ni ngumu, na pengine mtoto mliyemdhamini atawakimbia, na mliyempokea atawaibia. Saburi aliyoitaja Mtume haijaribiwi siku ya kwanza. Lakini sisi nasi tumetendewaje? Tulipokuwa wakaidi Mungu alitukanya kwa Sheria yake. Tulipovunjika mioyo alitufariji kwa Injili yake. Tulipokuwa hatuna nguvu alitushika mkono. Naye hata leo atuvumilia. Hakututendea sote kwa kipimo kimoja, wala hakumwacha hata mmoja.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, Baba wa yatima na Mwamuzi wa haki, wape mahakimu wetu macho ya kumwona mtoto na si kosa tu. Wape askari upole, na maafisa wa ustawi nguvu na wakati. Wafariji walioumizwa. Wazuie wenye jeuri, uivunje mikono iwatumayo wadogo. Uwaguse wazazi wetu waliojificha kwa aibu. Nasi utupe kujua ni nani wa kukanywa, ni nani wa kufarijiwa, ni nani wa kutegemezwa, na saburi kwa wote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.